Usonji ukubwani: Jiulize ulivyokuwa utotoni

BWANA mmoja wa umri wa miaka 47 alimleta mwanawe katika zahanati yangu hapa kisiwani Mombasa. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.) Mwalimu alikuwa amemwandikia barua kwamba mtoto huyo hachezi na wenzake, huziba masikio kengele inapolia, na hali chakula chochote kilichochanganywa. Nikaanza kumwuliza baba maswali ya kawaida. Je, mtoto hupanga vitu vyake kwa safu? Je, hukasirika njia ya kwenda shule inapobadilishwa? Je, akiambiwa neno la mzaha hulichukua vile vile lilivyo?

Bwana yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Daktari, mbona waniuliza habari zangu mimi?"

Nilikuwa nimemtibu kwa miaka sita. Nilimpa dawa za tumbo, za kichwa na za usingizi. Hata siku moja sikumwuliza kwa nini kila jioni atokapo kazini Kilindini huzunguka njia ndefu hadi afike kwake Mji wa Kale. Siku hiyo alinieleza mwenyewe: njia fupi ina mabaraza matatu, na kila baraza lina watu wa kusalimia.

Tangu hapo nimeulizwa swali hilo hilo na watu wazima wengine, wake kwa waume: "Daktari, yawezekana nina usonji na nimefika umri huu bila kujua?" Jibu ni kwamba yawezekana. Lakini pia yawezekana una kitu kingine kabisa, na kitu hicho huenda kina dawa. Wiki hii tutajifunza namna ya kutofautisha.

Usonji ni nini?

Usonji, ambao wengine huuita autizimu, si maradhi ya kuambukiza wala si wazimu. Ni namna ubongo unavyojengeka tangu mtoto angali tumboni. Mwenye usonji huzaliwa nao, hukua nao na huzeeka nao. Wataalamu hutazama mafungu mawili ya dalili, na ni lazima yote mawili yawepo.

Fungu la kwanza ni mawasiliano na watu. Mtu hupata taabu kujua zamu yake ya kusema, kusoma uso wa mwenzake, kuelewa fumbo, au kufanya urafiki na kuudumisha.

Fungu la pili ni mazoea yasiyobadilika pamoja na hisi zisizo za kawaida. Mtu hufanya jambo lile lile kwa namna ile ile, au hushikilia jambo moja alipendalo kwa miaka mingi. Sauti, mwanga, harufu, nguo au chakula fulani humuudhi kupita kiasi, au pengine hakisikii kile ambacho wenzake wanakisikia.

Juu ya hayo kuna masharti mawili. Dalili ziwe zilianza utotoni, na ziwe zinamtatiza mtu katika maisha yake. Anayependa kukaa peke yake na akaridhika hana haja ya kupewa jina lolote la kitabibu.

Yafaa ieleweke pia kwamba wenye usonji hawafanani. Wako wasiosema hata neno moja, wanaohitaji kulishwa na kuvishwa maisha yao yote. Wako pia wanaofanya kazi, kuoa au kuolewa na kulea watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kwamba mwaka wa 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji.

Urithi una sehemu kubwa. Mwaka wa 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha, wakaonyesha kwamba mapacha wa kufanana kabisa hushirikiana katika hali hii kuliko mapacha wasiofanana. Ndiyo maana wazazi wengi hujitambua siku wanapompeleka mtoto kupimwa. Chanjo hazisababishi usonji. Makala ya mwaka wa 1998 yaliyoeneza uvumi huo yalifutwa na jarida lililoyachapisha, The Lancet, mwaka wa 2010.

Kwa nini hukuambiwa mapema?

Mwaka wa 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11. Wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka wa 1933 katika jimbo la Mississippi. Mtoto huyo alikua, akafanya kazi katika benki kwa miaka mingi, akaendesha gari, akacheza gofu na kusafiri nchi za mbali. Alifariki mwaka wa 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Hata hivyo vitabu vya udaktari viliendelea kuueleza usonji kama jambo la watoto, tena wale walioathirika sana.

Chama cha madaktari wa akili cha Marekani, ambacho orodha yake ya magonjwa hufuatwa na wengi, hakikuutaja usonji kama hali inayojitegemea hadi mwaka wa 1980. Hans Asperger wa Vienna alikuwa ameandika mwaka wa 1944 kuhusu watoto waliosema vizuri na wenye akili lakini wasiojua kuchangamana. Maandishi hayo ya Kijerumani hayakujulikana sana hadi Lorna Wing wa Uingereza alipoyaeleza mwaka wa 1981. Hali hiyo iliingizwa katika orodha mwaka wa 1994, na mwaka wa 2013 ikaunganishwa na usonji chini ya jina moja.

Sasa piga hesabu. Aliyezaliwa hapa Mombasa mwaka wa 1975 alikuwa amekwisha kumaliza shule ya msingi kabla ya mwaka huo wa 1994. Mwalimu wake hakuwa na jina la kumpa ila mkaidi, mjinga au mwenye kiburi. Chama cha usonji cha hapa Kenya kilianzishwa mwaka wa 2003. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni, somo hili lilikuwa kurasa chache katika sura ya magonjwa ya watoto.

Hapa Pwani majina mengine yalikuwepo. Mwaka wa 2015 mtafiti Joseph Gona na wenzake, miongoni mwao Amina Abubakar na Charles Newton, walichapisha uchunguzi kuhusu jinsi wazazi na wataalamu wa Pwani ya Kenya wanavyouelewa usonji. Walioulizwa walitaja pepo wabaya, uchawi na laana. Walitaja pia urithi na matatizo wakati wa kujifungua. Waliotafuta tiba walikwenda hospitali, kwa waganga na kwa viongozi wa dini.

Sina ugomvi na dua, na mgonjwa anayepata utulivu kwa kusomewa simzuii. Ninachokataza ni kumpiga mtu ili pepo amtoke, kumfungia ndani, au kumwachisha dawa alizopewa na daktari.

Mji wa salamu na mafumbo

Mji wetu humtaabisha mwenye usonji kwa namna ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani havielezi. Katika Mji wa Kale nyumba zimebanana na baraza liko mlangoni. Mtu hapiti kimya. Husalimu, huulizwa hali, huuliza hali ya mama, ya watoto na ya mgonjwa. Kisha hukaribishwa kahawa, na kuikataa kwataka maneno yake. Asiyefanya hivyo husemwa, "Yule yuwaringa."

Kisha kuna mafumbo. Mke aliyeudhika hununua leso Biashara Street, akaivaa nyumbani ili mumewe asome maandishi yake na kufahamu kilichomo moyoni. Mume mwenye usonji huona rangi na pindo. Akiulizwa, "Hukuiona leso yangu?" hujibu, "Nimeiona, ni nyekundu." Mke hulia akidhani amefanyiwa stihizai. Mume hajui alilokosa. Nimewaona watu walioishi hivyo miaka ishirini, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hampendi.

Wanawake hufichika zaidi kuliko wanaume. Mama mmoja wa miaka 52 alinieleza kwamba tangu usichana wake hufanya mazoezi mbele ya kioo kabla ya kwenda kuhani: uso uwe vipi, amshike mfiwa mkono vipi, aseme neno gani na anyamaze wakati gani. Jamaa zake humsifu kwa adabu. Arudipo nyumbani hujifungia chumbani, taa imezimwa, hadi kesho yake.

Kujificha huko hufaulu kwa miaka mingi, lakini kuna gharama. Umri wa makamo ndio wakati mzigo unapozidi. Mtu hupandishwa cheo na kupewa watu wa kusimamia. Mzazi hufariki, naye ndiye aliyekuwa akimsemea mbele za watu. Watoto huoa na kuolewa, na kila harusi ina wageni mia kadhaa na vipaza sauti. Kwa wanawake, kukoma kwa hedhi huvuruga usingizi na subira. Ndipo mtu aliyejimudu miaka yote huanza kushindwa, akashangaa kumetokea nini.

Maswali ya kujiuliza

Chukua kalamu na karatasi. Usijibu jinsi ulivyo leo tu, bali kumbuka ulivyokuwa kabla ya kufikia umri wa miaka 12. Ukiweza, mwulize mama, khalati, ami au ndugu mkubwa aliyekulea.

1. Je, ulicheza na watoto wenzako, au ulicheza kando yao ukiwatazama?

2. Je, ulikuwa ukiambiwa mara kwa mara kwamba umemvunjia mtu heshima, nawe hukujua kwa nini?

3. Je, ulielewa mzaha na mafumbo kama wenzako, au ulilazimika kuelezwa?

4. Je, kuna sauti, harufu, kitambaa au chakula ambacho hukuweza kukivumilia, hata ukaadhibiwa kwacho?

5. Je, ulikuwa na jambo moja ulilolijua kuliko watu wazima, kama vile majina ya meli, nyakati za mabasi au nasaba za watu?

6. Je, mabadiliko ya ghafla, hata ya jambo la kheri, yalikufanya ulie au ukasirike kupita kiasi?

7. Je, baada ya kukaa na watu, hata uwapendao, ulihitaji kujitenga ndipo upumzike?

8. Je, umejifunza namna ya kuongea na watu kwa kuiga mtu fulani, neno kwa neno?

Jibu moja au mawili ya ndiyo si kitu. Kila mtu ana yake. Ikiwa majibu mengi ni ndiyo, kama yalikuwepo tangu utotoni na bado yanakutesa, una sababu ya kutosha ya kumwona daktari.

Dalili mpya si usonji

Hapa ndipo nataka usome polepole. Ikiwa ulikuwa mtu wa watu hadi umri wa miaka 40 au 45, kisha ukabadilika, huo si usonji. Tafuta sababu nyingine bila kukawia.

Ugonjwa wa huzuni iliyokithiri (sonona) humfanya mtu ajitenge, asifurahie chochote na akose usingizi. Unatibika. Uziwi unaoingia polepole humfanya mtu akimbie mazungumzo ya watu wengi, na kipimo chake ni rahisi. Tezi ya shingo isipofanya kazi sawasawa huleta uzito wa mwili na wa akili. Hupimwa kwa damu. Woga wa kuwa mbele za watu, kiwewe baada ya mambo mazito, na kutafuna miraa au muguka kwa wingi pia vinaweza kubadilisha tabia.

Kuna tena ugonjwa wa sehemu ya mbele ya ubongo unaoweza kuanza kati ya miaka 45 na 65. Mtu aliyekuwa mpole na mwenye haya huanza kusema maovu, hapati huruma na hurudia tendo moja. Jamaa humdhania ana jini. Huyu apelekwe hospitali upesi.

Ipo pia hali ya kutotulia na kusahausahau ambayo, kama usonji, huanza utotoni. Watu wengi wana zote mbili, na hiyo ya kutotulia ina dawa zinazosaidia.

Vipimo vya karatasi

Huenda umeona orodha za maswali ya kujipima. Inayojulikana sana ilitolewa mwaka wa 2001 na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Ina maswali 50, na anayepata alama 32 au zaidi hushauriwa kuchunguzwa. Orodha hiyo husaidia kufungua mazungumzo lakini haitoi hukumu. Mwenye woga au huzuni anaweza kupata alama nyingi bila ya kuwa na usonji, na aliyejifunza kujificha akapata chache.

Isitoshe, ilitungwa kwa ajili ya Waingereza. Swali moja lataka ujue kama wapendelea kwenda kutazama michezo ya kuigiza au kwenda makumbusho. Ni wangapi Kibokoni au Kuze wenye mazoea ya mojawapo ya hayo? Vile vile wataalamu wa Ulaya hutilia maanani sana kutazamana machoni. Kwetu kijana anayemkazia macho mzee wake ameonekana hana adabu. Kwa hivyo mtaalamu anayekuchunguza lazima ajue mila za watu wako.

Uende kwa nani?

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha usonji. Uchunguzi ni mazungumzo marefu juu ya maisha yako. Anza na daktari wako wa kawaida, akupime masikio, damu, tezi na shinikizo la damu. Kisha omba akuandikie barua kwa daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia wa hospitali. Kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz kimewahudumia watu wa Pwani kwa miaka mingi. Kabla ya kulipa popote, uliza kama mtaalamu huyo amewahi kuchunguza usonji kwa watu wazima, kwa maana si wote wenye uzoefu huo.

Nenda na karatasi yako ya majibu, ripoti za shule kama zimesalia, na mtu mmoja aliyekujua ukiwa mtoto. Usione haya kusoma kutoka kwenye karatasi. Wengi hufika mbele ya daktari wakasema "sijambo" na kurudi nyumbani na tembe za tumbo, kama nilivyomfanyia bwana yule.

Si lazima kila mtu atafute uthibitisho. Wako wanaotosheka kwa kujielewa. Lakini kama umekata tamaa, ukafika kufikiria kwamba heri ufe, usingoje. Watu wazima wenye usonji ambao hawajapata msaada hupatwa na sonona na mawazo ya kujiua zaidi kuliko watu wengine. Mwambie daktari waziwazi. Usiogope polisi: mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakwenda kinyume na Katiba.

Ukishajua

Usonji hauna dawa ya kuuondoa, na yeyote anayekuuzia dawa hiyo anataka fedha zako. Kinachotibiwa ni yale yanayofuatana nao, kama woga, sonona na kukosa usingizi. Mengine ni kupanga maisha.

Kazini, omba maagizo kwa maandishi na ukae mbali na mlango au redio. Ukiwa huna budi kuvuka Likoni, vuka kabla ya msongamano. Harusini, nenda mapema, wasalimu wakubwa, ule, uage, urudi. Aliyekualika atakumbuka kwamba ulikuja. Weka pamba masikioni bila haya. Jipatie saa moja ya kimya kila siku, na jamaa wa nyumbani waijue. Wengine hupata raha kwa kutembea alfajiri pwani ya Mama Ngina, kabla watu hawajajaa.

Nawe uliye mke, mume au mtoto wa mtu kama huyu, sema waziwazi. Ukitaka maji, sema "nataka maji", usiseme "leo kuna joto." Ukiudhika, taja kilichokuudhi na saa kilipotokea. Usimbadilishie safari ghafla. Na akikuambia amechoka na watu, usidhani amekuchoka wewe.

Bwana yule alichunguzwa, na jibu likawa ndiyo. Nilimwita pamoja na mkewe. Mama huyo aliuliza jambo moja tu: kwa nini miaka tisa iliyopita, babake alipofariki, mumewe alitoka matangani akakaa nje garini hadi usiku. Alikuwa amelibeba moyoni muda wote huo. Mumewe akamwambia kwamba vilio vilimzidi, akaogopa ataanguka mbele za watu, na kwamba mle garini alikuwa akimlilia mzee. Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza kwa nini hakusema.

"Hukuniuliza," akajibu.

Msomaji, kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye umemwita mwenye kiburi kwa miaka mingi, mwulize. Kama mtu huyo ni wewe, anza na karatasi ile ya maswali manane, leo hii.

Wiki ijayo tutazungumzia shinikizo la damu na chumvi katika vyakula vyetu vya Pwani. Hadi hapo, nakutakia afya njema.